Kombe moja la Bergeron na makombe matatu ya Toews

Januari 2017, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 tangu kuanzishwa kwake, ilitangaza majina ya wachezaji 100 bora wa historia yake. Jonathan Toews, nahodha wa Chicago Blackhawks, aliingia kwenye orodha hiyo akiwa na umri wa miaka 28. Patrice Bergeron wa Boston Bruins, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ametwaa Tuzo ya Selke, ya mchezaji wa mbele aliye hodari zaidi katika kukaba, mara tatu ilhali Toews aliitwaa mara moja, aliachwa nje. Anže Kopitar wa Los Angeles Kings, mwenye Makombe mawili ya Stanley, yaani kombe la ubingwa wa ligi hiyo, naye aliachwa nje. Kelele nyingi zilipigwa kuhusu kuachwa kwa Evgeni Malkin wa Pittsburgh Penguins, na waliozipiga walikuwa na haki. Mimi niliumizwa zaidi na hili la masenta watatu, yaani wachezaji wa kati Toews, Bergeron na Kopitar, kwa sababu lilionesha wazi namna tulivyozoea kuwapima wachezaji wa kazi hii: tunahesabu makombe kwanza, na kazi yenyewe tunaiangalia baadaye, ikiwa nafasi itabaki.

Toews ana makombe matatu, ya 2010, 2013 na 2015. Bergeron analo moja tu, la 2011. Hata hivyo ninashikilia kwamba Bergeron ndiye senta bora wa kukaba na kushambulia wa kizazi chake, kwamba Kopitar yuko karibu naye kuliko tuzo zinavyodai, na kwamba Toews, pamoja na heshima yote anayostahili, anakaa nyuma yao wote wawili. Sitaki msimamo huu uonekane kuwa ni ushabiki wa Boston, kwa hiyo nitaueleza kwa kuanzia na kazi ya senta, kisha niwachukue wahusika mmoja baada ya mwingine.

Kila timu huwa na wachezaji watano na kipa juu ya barafu: mabeki wawili, mawinga wawili na senta mmoja. Hawakai uwanjani kwa muda mrefu. Zamu moja huchukua chini ya dakika moja, kisha wanarudi benchi na wengine wanaingia, mara nyingi mchezo ukiwa unaendelea. Ndiyo maana swali kubwa la kila kocha ni nani atakutana na nani. Mchezo unaposimama, timu mwenyeji ndiyo yenye haki ya kubadilisha wachezaji mwisho, na kocha mwenye senta hodari wa kukaba humtuma huyo akapambane na utatu hatari zaidi wa wapinzani, zamu baada ya zamu, usiku mzima. Senta huyo ndiye anayeshuka hadi mbele ya kipa wake kuwasaidia mabeki. Ndiye anayeinama kuigombea paki, yaani kile kisahani kigumu cha mpira, mwamuzi anapoidondosha kati ya magongo mawili. Na ndiye anayetakiwa kuipandisha mbele mara timu inapoipata. Kwa mpenzi wa kandanda, mfano ulio karibu ni kiungo mkabaji ambaye pia anadaiwa mabao ya namba kumi.

Ugumu wa kumpima mtu wa namna hiyo ni kwamba nusu ya kazi yake haiandikwi popote. Bao alilofunga litahesabiwa. Bao ambalo mpinzani hakulifunga, kwa kuwa gongo la senta lilitangulia nusu hatua kwenye njia ya pasi, halina safu yake kwenye jedwali. Tuzo ya Selke, ambayo jina lake linatokana na Frank Selke, aliyekuwa kiongozi wa Montreal Canadiens, ilianzishwa ili kuziba pengo hilo. Mshindi wake wa kwanza alipatikana mwaka 1978, naye alikuwa Bob Gainey wa Montreal, winga aliyeitwaa mara nne mfululizo. Gainey alimaliza safari yake akiwa na pointi 501 (mabao pamoja na pasi za mabao) katika mechi 1,160, kiasi ambacho kwa mchezaji wa mbele ni cha kawaida kabisa. Hakuajiriwa kufunga, aliajiriwa kuwazuia wengine wasifunge. Miaka ilivyosonga, wapigakura, ambao ni waandishi wa habari za hoki, walianza kutaka zaidi. Mwaka 1994 Sergei Fedorov wa Detroit Red Wings alifunga mabao 56, akafikisha pointi 120, na akaondoka na Selke pamoja na Tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mkabaji asiyefunga kupewa tuzo hii, na kizazi cha Bergeron kilikua ndani ya matarajio hayo mapya.

Bergeron aliitwaa Selke mara sita: 2012, 2014, 2015, 2017, 2022 na 2023. Hakuna mwingine aliyefika hapo. Kwa miaka 12 mfululizo, kuanzia 2012 hadi alipostaafu, alikuwa miongoni mwa wagombea watatu wa mwisho wa tuzo hiyo. Idadi hiyo ni kubwa mno, na mimi mwenyewe nisingeitumia kama hoja yangu kuu, kwa sababu tuzo inayopigiwa kura huwa na mazoea ndani yake. Jina likishaingia vichwani mwa wapigakura, hubaki humo, na mchezaji anayeanza kupungua kidogo huendelea kupata kura za jana. Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa Bergeron katika miaka yake ya mwisho. Ninachosema ni kwamba sita dhidi ya mbili za Kopitar haimaanishi mara tatu ya ubora, na anayetaka kumtetea Bergeron aingie uwanjani akaoneshe alichokifanya.

Basi tuingie uwanjani, Juni 2013, kwenye fainali ya Kanda ya Mashariki kati ya Boston na Pittsburgh. Penguins walikuwa timu iliyofunga mabao mengi kuliko zote msimu ule. Walikuwa na Sidney Crosby, walikuwa na Malkin, na kabla ya mchujo, yaani hatua ya mtoano inayofuata msimu wa kawaida, walikuwa wamemsajili Jarome Iginla, mfungaji mwenye jina kubwa ambaye Boston nao walikuwa wamemtaka. Mfululizo, ambao mshindi wake ni anayetangulia kushinda mechi nne, ulikwisha kwa mechi nne, zote zikaenda kwa Boston: 3–0, 6–1, 2–1 na 1–0. Timu ile iliyokuwa ikitisha ligi nzima ilifunga mabao mawili tu katika mechi nne. Crosby hakupata hata pointi moja. Malkin hakupata hata pointi moja. Iginla vilevile.

Ningekuwa ninamdanganya msomaji kama ningesema hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Kipa Tuukka Rask alikuwa katika kiwango cha juu sana, beki Zdeno Chara alikuwa amesimama kama ukuta mbele ya Crosby, na David Krejčí, senta mwenzake Bergeron, naye alibeba mzigo wake. Lakini itazame mechi ya tatu, iliyokwenda hadi muda wa nyongeza wa pili, wakati miguu ya kila mtu ilikuwa imekwisha. Bergeron, aliyekuwa amepewa kazi ya kuzima mashambulizi usiku kucha, ndiye aliyekuwa mbele ya lango la Pittsburgh paki ilipofika, akaigusa kwa gongo ikaingia. Mpigo wenyewe haukuwa na madoido. Maana yake ni kwamba baada ya kukaba kwa karibu dakika 95 za mchezo, senta yule alikuwa bado ana pumzi na akili ya kuwahi mahali ambapo bao lingepatikana. Wiki chache kabla ya hapo, katika mechi ya saba dhidi ya Toronto Maple Leafs, Boston walikuwa nyuma 4–1 katika kipindi cha tatu. Bergeron alisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 51, kisha akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza.

Mwezi huohuo wa Juni ndio unaobeba hoja nzito zaidi ya watu wa Toews, na haki inataka ielezwe bila kupunguzwa. Fainali ya 2013 iliwakutanisha wawili hawa moja kwa moja. Katika mechi ya tano wote wawili walitolewa wakiwa wameumia. Bergeron alipelekwa hospitalini. Wote wawili walirudi kwa mechi ya sita mjini Boston tarehe 24 Juni. Toews alifunga bao la kusawazisha katika kipindi cha pili. Boston waliongoza 2–1 hadi ikabaki zaidi kidogo ya dakika moja, na hapo Toews akampasia Bryan Bickell aliyesawazisha tena. Sekunde 17 baadaye Dave Bolland akafunga la tatu, na kombe likaenda Chicago. Baada ya mechi ilijulikana kwamba Bergeron alikuwa amecheza akiwa na ubavu uliovunjika, gegedu lililochanika na bega lililotoka mahali pake, na kwamba pafu lake lilikuwa limetobolewa. Sitaji majeraha hayo ili kumtafutia udhuru, kwa kuwa Toews naye alikuwa majeruhi. Usiku ule Toews alikuwa bora, na hakuna takwimu itakayoufuta.

Ninachokataa ni kuuchukua usiku ule na kuugeuza kuwa hukumu ya miaka 20. Kama Boston wangezilinda zile sekunde 17, Bergeron na Toews wangekuwa wametofautiana vipi kama wachezaji? Wasingetofautiana hata kidogo. Wangekuwa wangali wakisubiri mechi ya saba, na mmoja angeweza kuishia na mawili na mwingine na mawili, na labda orodha ya 2017 ingeandikwa vingine kabisa. Kipimo kinachoweza kugeuka juu chini kwa sekunde 17 ambazo senta hakuzimiliki peke yake ni kipimo cha timu. Chicago ya miaka ile ilikuwa na Patrick Kane, Marián Hossa, Duncan Keith na Brent Seabrook, na kwangu Keith ndiye aliyekuwa roho ya timu ile nyuma, mtu aliyecheza dakika ambazo mabeki wengine wangezikimbia.

Hata hivyo Toews si mchezaji wa kubebwa. Alipewa unahodha mwaka 2008 akiwa na miaka 20. Mwaka 2010 aliongoza Chicago kutwaa kombe walilolikosa tangu 1961, akafikisha pointi 29 katika mchujo na kupewa Tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mchujo, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa mshambuliaji bora wa Olimpiki ya Vancouver. Kama tungepima kwa kuangalia miaka mitatu ya mwanzo, yeye angekuwa mbele ya wote ninaowataja hapa. Tatizo ni kilichofuata. Ukiacha msimu wa 2018–19, alipofunga mabao 35 na kufikisha pointi 81, uzalishaji wake ulishuka mapema, kisha maradhi yakaja. Alikosa msimu mzima wa 2020–21, akaondoka Chicago mwaka 2023 akiwa na pointi 883 katika mechi 1,067, na akakaa nje misimu miwili kabla ya kurudi na Winnipeg Jets, timu ya mji aliozaliwa. Kumlaumu mtu kwa kuugua ni dhuluma. Lakini urithi wa mchezaji ni jumla ya alichokifanya, na katika muongo wa pili wa safari zao Bergeron alifanya mengi zaidi, kwa kiwango cha juu zaidi, na kwa muda mrefu zaidi.

Hapa ndipo takwimu za siku hizi zinaposaidia. Wachambuzi huhesabu majaribio yote ya mashuti, yaliyolenga lango, yaliyopotea nje na yaliyozuiwa, ya timu zote mbili, wakati mchezaji fulani yuko juu ya barafu na timu zina idadi sawa ya watu. Mchezaji mzuri huvuka asilimia 50, maana yake timu yake inashambulia kuliko inavyoshambuliwa akiwa uwanjani. Katika misimu yake bora Bergeron alivuka asilimia 55, na alifanya hivyo akikutana na masenta wakali wa wapinzani na akianzishiwa zamu nyingi kwenye eneo la kujilinda, mbele ya kipa wake. Kwa mtu wa kazi yake, hili ndilo jambo la kustaajabisha. Wakabaji wengi wanaopewa zamu ngumu hukubali kuzidiwa kwa mashuti ili mradi bao lisiingie. Bergeron aliipokea paki kwenye kona ya hatari na baada ya sekunde 20 mchezo ulikuwa kwenye eneo la wapinzani. Bila shaka Brad Marchand alikuwa pembeni yake kwa sehemu kubwa ya muda huo, na baadaye David Pastrňák akaungana nao. Lakini Marchand aliingia ligini akiwa winga wa kawaida mwenye ghasia nyingi, na akakua hadi kuwa miongoni mwa mawinga bora duniani akicheza ubavuni mwa Bergeron. Kwangu hiyo ni sehemu ya ushahidi.

Kuhusu paki za kudondoshwa, ambazo watangazaji huzitaja sana jina la Bergeron linapokuja, nitasema kwa ufupi. Alizishinda takribani sita katika kila kumi, hata alipokuwa na miaka 37, na huo ni ustadi wa kweli. Faida yake katika mabao ni ndogo kuliko inavyosemwa, kwa kuwa paki iliyopatikana kwa njia hiyo hupotezwa tena mara nyingi ndani ya sekunde chache. Ningeipa uzito zaidi pale timu inapocheza pungufu au inapolinda uongozi wa bao moja dakika za mwisho, maana hapo sekunde kumi za kumiliki paki zina thamani yake.

Kopitar ni suala jingine kabisa, na ni yeye aliyenisumbua zaidi katika kufikia uamuzi huu. Alizaliwa Jesenice mwaka 1987, katika nchi ya Slovenia yenye watu wapatao milioni mbili, akawa mtu wa kwanza kutoka huko kucheza NHL. Los Angeles walimteua wa 11 mwaka 2005, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo timu hupokezana kuchagua wachezaji chipukizi, na hakuhama tena, hadi Septemba 2025 alipotangaza kwamba msimu wa 2025–26 ungekuwa wa mwisho kwake. Amepita pointi 1,200, wakati Bergeron aliishia na 1,040 katika mechi 1,294. Los Angeles walipotwaa kombe mwaka 2012 na 2014, hakuna aliyemzidi Kopitar kwa pointi katika mchujo miaka yote miwili. Mwaka 2014 alifikisha 26, katika safari iliyopita kwa Chicago ya Toews kwa mechi saba. Tuzo za Conn Smythe zilikwenda kwa wenzake, kipa Jonathan Quick na winga Justin Williams, na naona hilo lilichangia watu kusahau nani aliyekuwa nguzo.

Msimu wake wa 2017–18 unastahili kutazamwa kwa makini. Alifunga mabao 35 na kufikisha pointi 92. Aliyemfuata kwenye timu, Dustin Brown, ambaye kwa kawaida alicheza naye utatu mmoja, alikuwa na pointi 61. Timu hiyohiyo, yenye mshambuliaji mmoja tu wa daraja la juu, ndiyo iliyofungwa mabao machache kuliko timu yoyote ya ligi. Maana yake ni kwamba mtu mmoja alibeba karibu mashambulizi yote ya timu, na wakati huohuo alikuwa ndiye senta wa kwanza wa ulinzi mgumu kupita wote. Alipata Selke mwaka huo na akawa mmoja wa watatu wa mwisho kwa Hart. Sijui msimu wa Bergeron ambao ningeuweka juu ya huo. Kiwango cha juu kabisa cha Bergeron kwa pointi kilikuwa 79, mwaka 2018–19, na hakuwahi kuwa miongoni mwa watatu wa mwisho wa Hart.

Kuna jambo la mazingira pia. Mechi za nyumbani za Los Angeles huanza saa nne au nne na nusu usiku kwa saa za Mashariki, ambako waandishi wengi wanaopiga kura wanaishi. Kazi ya senta mkabaji haionekani kwenye muhtasari wa dakika tatu wa asubuhi. Inaonekana kwa aliyekesha akaitazama mechi nzima. Boston hawakuwa na tatizo hilo. Siwezi kulipima jambo hilo kwa namba, ila nina hakika kwamba pengo la Selke sita dhidi ya mbili limechangiwa na mambo yasiyohusu ubora.

Kwa nini basi bado ninamweka Bergeron mbele? Kwa sababu katika ukabaji wenyewe, msimu hadi msimu, hakuwa na mteremko. Kopitar alikuwa na misimu ambayo timu yake ilidhoofika naye akadhoofika nayo. Kati ya 2015 na 2025 Los Angeles hawakushinda hata raundi moja ya mchujo. Bergeron alicheza fainali tatu katika miaka tofauti, 2011, 2013 na 2019, akiwa na makocha wawili na vizazi vitatu vya wachezaji wenzake, na kila mara Boston ilipojengwa upya ilijengwa kumzunguka yeye. Katika Kombe la Dunia la hoki la 2016, mjini Toronto, Kopitar alikuwa nahodha wa Timu ya Ulaya iliyofika fainali, naye Bergeron alichezeshwa pamoja na Crosby na Marchand katika timu ya Kanada, wapinzani wao. Ulaya waliongoza mechi ya pili hadi dakika tatu za mwisho, Bergeron akasawazisha, na Marchand akamaliza kazi zikiwa zimebaki chini ya dakika moja. Ninaitaja kwa kuwa makocha wa Kanada, wenye uhuru wa kumchagua yeyote nchini mwao, walimpeleka Bergeron kando ya Crosby katika Olimpiki ya Sochi 2014 na tena mwaka 2016. Wale wanaoijua kazi kwa undani walimtaka mahali ambapo kosa moja lingegharimu kila kitu. Kule Sochi Kanada walifungwa mabao matatu tu katika mechi sita.

Pavel Datsyuk wa Detroit ni wa kizazi kilichotangulia kidogo, lakini miaka yao iligongana na hawezi kuachwa. Aliteuliwa wa 171 mwaka 1998, baada ya timu nyingi kumpita mara kadhaa, kisha akawa mwizi wa paki hodari kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Ilikuwa ni kawaida kumwona akimfuata mpinzani kwa nyuma, akiinua gongo la mwenzake kwa gongo lake mwenyewe, akaondoka na paki kabla yule hajatambua kwamba ameibiwa. Alishinda Selke mwaka 2008, 2009 na 2010, na katika miwili ya misimu hiyo alifikisha pointi 97. Kwa ubora wa kilele, Datsyuk yuko juu ya Bergeron na Kopitar, na juu ya Toews pia. Lakini aliingia NHL akiwa na miaka 23 na akarudi Urusi mwaka 2016, baada ya mechi 953, na kwa sehemu kubwa ya safari yake nyuma yake alikuwapo Nicklas Lidström, beki ambaye angemfanya senta yeyote aonekane mtulivu. Aliingia kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Hoki mwaka 2024, na haikuwa mapema. Ningemweka wa tatu, nusu hatua nyuma ya Kopitar, na sitagombana na anayewabadilisha nafasi.

Kuna doa moja kwenye rekodi ya Bergeron ambalo watetezi wake hupenda kulipita haraka. Msimu wa 2022–23 Boston walishinda mechi 65 na kupata pointi 135, rekodi ya ligi, Bergeron akiwa nahodha mwenye miaka 37. Katika raundi ya kwanza walikutana na Florida Panthers. Bergeron, akiwa na maumivu ya mgongo, alikosa mechi nne za kwanza, na Boston wakaongoza 3–1 bila yeye. Alirudi kwa mechi ya tano. Boston walipoteza ya tano, ya sita na ya saba, na miezi mitatu baadaye akatangaza kustaafu. Itakuwa ni kumwonea kusema kurudi kwake ndiko kulikoiangusha timu. Kipa na mabeki walikuwa na sehemu kubwa ya lawama. Lakini mchezaji mgonjwa anayerejea kwa sababu ni nahodha, na kocha anayeshindwa kumwambia akae nje, ni jambo la kuangaliwa kwa jicho kavu. Moyo uleule uliosifiwa mwaka 2013 ndio uliomrudisha barafuni mwaka 2023, na sioni sababu ya kuusifu mara moja na kuufumbia macho mara nyingine.

Nahodha wa Florida katika mfululizo ule alikuwa Aleksander Barkov kutoka Finland, na ni yeye atakayeipa mizani hii mtihani wake ujao. Ameshinda Selke mwaka 2021, 2024 na 2025, ameinua Kombe la Stanley mwaka 2024 na 2025, na alifanya yote hayo kabla ya kutimiza miaka 30. Bergeron naye alikuwa na Selke tatu kabla ya kutimiza miaka 30, ila kombe lilikuwa moja. Kwa wanaohesabu makombe, kesi imekwisha na Barkov ameshampita. Kwa maoni yangu ndiyo kwanza inaanza: Bergeron alipata Selke zake tatu za mwisho baada ya umri huo, mbili kati yake akiwa na miaka 36 na 37, wakati Barkov aliumia goti vibaya mazoezini Septemba 2025 na kulazimika kufanyiwa upasuaji. Mwaka 2007 Bergeron naye alipata mtikisiko mkubwa wa ubongo uliomwachia mechi kumi tu za msimu ule, wakati ambapo wengi walihofia hatacheza tena kwa kiwango kilekile, na kila nilichokiandika hapa kumhusu kilitokea baada ya siku hiyo.